Kilabu cha mbege Kibosho kinataka kuuzwa, nendeni mkanywe

Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya choo, nitafika huko.

Hiki ni kilabu cha pombe ya kienyeji huku Kibosho, unapanda Hiace pale stendi ya Moshi halafu unamalizia na boda. Mabati yameshika kutu, mabenchi yamelainika kwa kukaliwa, na nyuma kuna mstari wa masale, ile mimea ya heshima ya Wachaga. Mliozaliwa vihambani, kwenye migomba ya Uchagani, mnajua isale ndo mpaka na ndo msamaha. Basi ugomvi wa mipaka mwingi tu umeishia hapo hapo, aliyekosa analeta isale na debe la mbege, wazee wanakunywa, kesi imeisha, hamna cha baraza wala nauli ya kwenda mjini.

Mbege yenyewe sasa, aisee. Mama anayepika hana njia ya mkato, ndizi mbivu zinachemshwa mpaka zinageuka rangi, zinaachwa siku kadhaa, zinachujwa, ndo unaingia uji wa ulezi ulioota na msesewa kidogo, lile gome la mti, wa kuleta uchungu. Sehemu nyingi siku hizi wanaharakisha wanatia sukari, unakunywa kama juisi halafu usiku tumbo linakudai. Hapa ulezi unauona umepanda juu ya kata, mzito, ukipuliza haukimbii, na mama anaonja yeye kwanza ndo anakupa. Ukiwa kijana kata inapita kwa meku, yaani mzee, kabla yako, usinune. Nyama ya mbuzi ya kawaida tu, ila ukikuta kisusio, ile supu ya damu, usiulize bei.

Kilichonifanya niandike ni kwamba mwenye kilabu alishafariki, watoto wako Dar, wamepata mteja anataka kujenga loji ya watalii wa mlimani. Siwalaumu saaana, ada za shule hazilipwi kwa kumbukumbu za marehemu baba. Ila wanakijiji wamekaza, kuna daftari la michango pale kaunta linashikwa na kina mama wa kikoba, na wanachotaka siyo kupewa bure, wanataka wauziwe wao kwanza kabla ya mtu wa nje. Vijana walikuja na wazo la kuchapisha T-shirt za kuchangisha, meku mmoja akawauliza, "Mangi, hiyo T-shirt inanunua bati ngapi?" Watu walicheka lakini swali lake bado halijajibiwa mpaka leo.

Uingereza wana sheria ya 2011 kabisa, baa ya kijiji inaweza kuorodheshwa kama mali yenye thamani kwa jamii, mwenyewe akitaka kuuza na wanakijiji wakisema tunaitaka, wanaweza kupata miezi 6 ya kutafuta hela. Sisi tunategemea Desemba, Wachaga wote wakipanda nyumbani ndo ukoo unakaa kikao, kwahiyo hela inatakiwa ionekane kabla ya Krismasi, siyo ahadi.

Sasa lawama. Choo hakina komeo, unashikilia mlango kwa mguu, na maji ni ya kuomba. Jamani kina mama, kama mnataka kuwaonyesha wale watoto kwamba mahali hapa panaingiza hela, anzeni na komeo, ni hela ndogo sana. Na kuna dogo ameleta spika anapiga singeli mchana kweupe, wazee wanaongea kwa kupiga kelele, mtu anasimulia habari ya ng'ombe wake mtaa mzima unasikia. Ipunguzeni.

Elfu kumi inakutosha wewe na wenzio wawili, na chenji iandikisheni kwenye daftari, muhakikishe jina limeandikwa mkiona kwa macho. Jumapili baada ya ibada panajaa, wahini, maana mbege ya siku hiyo ikiisha imeisha na iliyolala ni chachu balaa. Ombeni ile yenye msesewa, ile tamu waachieni wageni.