Tovuti ya biashara Zanzibar: njia nne za kuitunza, kuanzia tunayoipendekeza

Fundi akishakabidhi tovuti na kulipwa, mwenye nyumba ya wageni Jambiani au kituo cha uzamiaji Pemba hubaki na bili tatu zisizokwisha: jina la tovuti (anwani yake mtandaoni), pahala pa kuiweka (hostingi), na mtu wa kuiangalia. Njia za kuzilipa tumezipanga kwa kipimo kimoja: siku mambo yakiharibika, funguo ziko mkononi mwa nani?

Tuanze na jina, maana utalihitaji njia yoyote utakayoshika. La .com kwa kawaida ni dola 10 hadi 20 kwa mwaka. Majina ya .co.tz hupatikana kwa wasajili walioidhinishwa, yaani kampuni zinazouza majina, na wenye hoteli wana .hotel.tz pia. Akaunti ya msajili ifungue wewe mwenyewe, ulipe mwenyewe, kisha umpe fundi ruhusa ya kuingia. Barua pepe ya akaunti hiyo isiwe ile inayotumia jina lenyewe. Jina likikatika, barua pepe nayo hukatika, na onyo la kulipa halikufikii. Kosa jingine la kila siku ni kadi: imeisha muda, au ni kadi ya mtandaoni ya huduma ya pesa kwa simu na siku ya makato haina salio.

Jina la .com likipitwa na tarehe, wasajili wengi hukuachia siku kadhaa ulipe bei ya kawaida. Kisha huja siku 30 za kulikomboa, kwa ada inayoweza kuwa mara kadhaa ya bei ya jina, halafu siku 5 za kusubiri kufutwa. Baada ya hapo yeyote anaweza kulichukua. Unaweza kulipia hadi miaka 10 kwa mkupuo. Tunashauri 3 au 5.

1. Hostingi kwa jina lako, na fundi kwa mkataba wa mwezi

Hii ndiyo bora kwa nyumba ya wageni ndogo, kampuni ya utalii au duka la viungo. Hostingi ya kushirikiana, yaani tovuti nyingi kwenye seva moja (kompyuta inayozihifadhi), huwa dola 3 hadi 10 kwa mwezi, lakini soma bei ya mwaka wa pili. Ya mwaka wa kwanza mara nyingi ni chambo. Seva iwe Ulaya ikiwa wageni wako wengi wanatoka huko. Usikubali kompyuta ya ofisini igeuzwe seva. Unguja ilikaa bila umeme wa gridi tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, na Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota nchi nzima. Tovuti iliyo Ulaya huendelea kufunguka kwa mgeni aliyeko Milan hata siku kama hizo. Tabu hubaki kwako kusoma maombi yake.

Mkataba usiishie kwenye neno "matunzo". Andika kazi zenyewe. Bekapu (nakala ya akiba) iwe ya kila siku kwa tovuti inayopokea bukingi, na ya kila wiki kwa ya maelezo tu, na nakala moja ikae nje ya seva, maana bekapu iliyo kwenye seva ileile hupotea pamoja nayo. Mara mbili kwa mwaka fundi airejeshe pahala pa majaribio mbele ya macho yako. Bekapu ambayo haijawahi kurejeshwa usiihesabu.

Kusasisha WordPress, programu inayoendesha tovuti, kuna mpangilio wake: bekapu kwanza, halafu plagini (viongezo vyake) moja moja, kisha mandhari ya muonekano, kisha WordPress yenyewe. Ukisasisha zote kwa pamoja na tovuti ikaanguka, hutajua ipi imeiangusha. Toleo la PHP, lugha ya kompyuta iliyoandikiwa WordPress, nalo liangaliwe: 8.1 lilikoma kupewa marekebisho ya usalama mwisho wa 2025. Hosti ikiliondoa toleo la zamani, tovuti iliyoachwa miaka miwili inaweza kufunguka ukurasa mweupe mtupu. Plagini za kulipia, nyingi dola 50 hadi 100 kwa mwaka, ziwe na leseni kwa jina lako. Zikiwa kwa jina la fundi, masasisho husita siku mnapoachana.

Kinachowaumiza wenye biashara zaidi ya vyote ni fomu ya maombi inayokufa kimyakimya. Mgeni anaona "asante", wewe huoni kitu. Sababu mara nyingi ni kwamba tovuti inatuma barua moja kwa moja kutoka seva, bila SPF wala DKIM, rekodi zinazothibitisha kuwa barua imetoka kwako kweli, na Gmail huitupa kwenye taka au huikataa. Dawa ni kutuma kupitia SMTP (njia ya kutumia barua) ya akaunti halisi ya barua pepe, kuweka rekodi hizo mbili kwenye jina, na kujaza fomu mwenyewe kila Jumatatu.

Kazi kubwa zifanywe wakati wa masika, Aprili na Mei, hoteli zikiwa na wageni wachache. Usikubali mabadiliko mwishoni mwa Juni wala wiki ya kabla ya Krismasi.

2. Huduma ya kulipia kwa mwezi: Wix, Squarespace na mfano wake

Hapa hakuna PHP wala plagini za kuhangaikia. Inamfaa aliye Wete au Mkoani asiye na fundi wa kumwamini. Ubaya wake ni kuhama: utaondoka na maneno na picha, tovuti yenyewe itajengwa upya.

3. Hostingi bila fundi

Ni rahisi kwa pesa, si kwa muda. Ichague ikiwa kuna mtu nyumbani wa kutenga saa mbili kila mwezi bila kukosa. Cheti cha SSL, kile kinacholinda mawasiliano ya mgeni na tovuti, usinunue: cha Let's Encrypt ni bure, hudumu siku 90 na hosti nyingi hukihuisha zenyewe. Cha kuwekwa kwa mkono kitazidi kuchosha, kwani tangu Machi 2026 kikomo cha muda wa cheti kipya ni siku 200, na 2029 kitashuka hadi 47.

4. Kila kitu kwa jina la fundi

Tumeiweka ya mwisho hata kama bei ni nzuri na fundi ni mtu mwema. Akihama au akibadilisha namba, huna cha kushika. Kama ndipo ulipo sasa, kabla ya malipo yajayo mwombe kwa maandishi: msimbo wa kuhamisha jina, nenosiri la hostingi, akaunti ya msimamizi wa WordPress, na nakala ya mafaili pamoja na hifadhidata. Jina la .com likishahamia kwa msajili mpya kwa kawaida hufungwa siku 60, kwa hiyo chagua msajili utakayekaa naye.