Cord 810 pale Auburn, Indiana: uzoefu wangu na ndinga ya 1936

Wale mnaoendesha malori huku Marekani na mnapita I-69 kaskazini ya Fort Wayne, pale Auburn kuna makumbusho ya magari inaitwa Auburn Cord Duesenberg, msiipite. Sio kwamba mi ni mtu wa makumbusho, nyingi zinanichosha, ila mi nimekulia gereji pale Gerezani, Dar es Salaam, kabla sijaja huku na hii ni sehemu ambayo fundi anasimama mbele ya gari moja mpaka anasahau kula. Gari yenyewe ni Cord 810 ya 1936, nitaongelea hiyo tu. Duesenberg zipo, kubwa, za mastaa wa sinema wa enzi zile, nzuri sana, zina watu wao wa kuzisifia.

Jengo lenyewe ndo lilikuwa makao makuu ya kampuni ya Auburn, waliokuwa wanatengeneza Cord, lilijengwa 1930, na chini palikuwa shorumu ya kuuzia magari, wameiacha vilevile, sakafu inang'aa mpaka unaona noma kukanyaga na buti za kazi. Ghorofani ndo walikuwa wanachorea. Yaani unaizunguka gari chini, halafu unapanda ngazi unafika walipokuwa wanakaa wabunifu wenyewe.

Sasa kwanza muielewe miaka ile gari zilikuwaje. Rejeta imesimama mbele wima, taa mbili zimewekwa juu ya madigadi kivyake, pembeni kuna ubao wa kukanyagia unapopanda, boneti inafunguka kwa ubavuni kushoto na kulia. Halafu katikati ya hizo anatokea jamaa anaitwa Gordon Buehrig anakuja na hii kitu, haina ubao wa kukanyagia, bawaba za milango huzioni, kifuniko cha tenki la mafuta kimefichwa, rejeta huioni kabisa, mbele kuna mistari tu ya kupitisha hewa imezunguka pua yote mpaka ubavuni, boneti inafungukia mbele kama za leo, na taa hazipo! Watu wakaibatiza pua ya jeneza. Ukiiangalia kwa mbele unaona wamepatia, ila mi naona jeneza halijawahi kupendeza hivyo.

Taa zipo ila zimelala ndani ya madigadi. Mwenye kampuni, E. L. Cord, alikuwa anamiliki pia kampuni ya ndege ya Stinson, kwa hiyo walichukua taa ambazo ndege inawasha ikitua wakazifunga humo. Na sio za kubonyeza swichi, hapana, kuna hendeli mbili kwenye dashibodi, moja huku kwa dereva nyingine kule kwa abiria, unazungusha kwa mkono kama unachota maji kisimani taa inanyanyuka pole pole. Ukiwa peke yako na giza limeingia, ya kwako unazungusha, ya pili inabidi ujivute mpaka upande wa pili. Uzuri una gharama zake.

Kilichonishika zaidi ni stori ya chini ya boneti, maana umbo lote lile limetokana na mashine. Cord tairi za mbele ndo zinavuta, mwaka 1936 hiyo, wakati karibu Marekani nzima inaendesha gari za propela shafti, lile chuma refu linalopeleka nguvu ya injini tairi za nyuma. Na haikuwa mara yao ya kwanza. Walianza na Cord L-29 mwaka 1929, teknolojia ilitoka kwa Harry Miller, yule wa gari za mashindano za Indianapolis, na kwa kuwa hakuna shafti inayopita chini waliweza kuishusha gari ikawa ya chini kuliko gari nyingi za wakati ule. Ila L-29 ilikuwa na injini ya silinda nane zilizopangwa foleni moja, ndefu, halafu giaboksi ikakaa mbele ya injini, matokeo yake uzito wote ukasukumwa nyuma na tairi za mbele zinazotakiwa kuvuta zikawa nyepesi. Fundi yeyote anajua hapo mlima wenye utelezi hupandi. Na jointi za mbele zilikuwa zinakufa haraka. Juu ya hayo ilitoka miezi michache tu kabla soko la hisa la New York halijaanguka Oktoba 1929, nani tena ananunua. Waliuza kama 5,000 wakaacha kuitengeneza.

Kwenye 810 wakarekebisha hapohapo pa ugonjwa. Injini ya Lycoming ikawa V8, silinda nne huku nne huku, fupi, kwa hiyo wakaisogeza mbele uzito ukakaa kwenye tairi za kazi, nguvu za farasi 125. Lycoming hiyohiyo mpaka leo inatengeneza injini za ndege ndogo, Cessna 172 mpya ina Lycoming. Na kwa kuwa hakuna shafti, sakafu ndani ni flati kabisa hakuna lile tuta la katikati, ukiingia unashuka chini, hupandi, ndo maana ubao wa kukanyagia haukuwa na kazi. Kwa hiyo wanaosema Buehrig alichora tu ikapendeza wanakosea, bila tairi za mbele kuvuta lile umbo lisingewezekana.

Kingine ni kwamba hela hazikuwepo. Kampuni ilikuwa hoi, dai kubwa, yaani fomu za chuma za kukandamizia mabati ya bodi, ni ghali, kwa hiyo walikandamiza vipande vidogo vidogo wakaviunga kwa kuchomelea, hata milango wakaipanga dai moja itoe mlango wa mbele wa upande huu na wa nyuma wa upande ule. Ukilijua hilo ukarudi kuangalia milango unaona kweli, na hujawahi kuhisi kwamba ni ujanja wa kubana matumizi.

Sasa shida. Maonyesho ya New York ya Novemba 1935 yalidai gari ziwe zimeshatengenezwa 100 ndo uruhusiwe, wakakimbizana usiku na mchana wakazileta, ila nyingi hazina giaboksi ndani! Zimesimama tu zinapendeza. Watu walijaa, wengine wakapanda juu ya bampa za gari za jirani ili waone, oda zikamiminika, wateja wakaahidiwa Krismasi. Krismasi ikafika gari hakuna, waliooda wakatumiwa kigari kidogo cha shaba cha kuweka mezani. We fikiria umetoa oda ya gari ya karibu dola 2,000, hela ambayo ulikuwa unapata Ford V8 tatu mpya na chenji inabaki, unaletewa toi.

Na zilipokuja zikawa zinachemsha, mafuta yanageuka mvuke kwenye paipu gari inazima, gia zinaruka zenyewe. Giaboksi yenyewe ni ya ajabu, kuna kamkono kadogo ka gia karibu na usukani unachagua gia unayoitaka mapema, ukikanyaga klachi ndo umeme na vakyumu, yaani nguvu ya kufyonza hewa, vinakuingizia. Wazo zuri, ila jipya mno kwa gari iliyofanywa kwa haraka hivyo. Mwaka 1937 ikaja 812, wakaongeza supachaja, mashine ya kusukumia injini hewa zaidi, nguvu zikafika 170, zile paipu za ekzosi za kung'aa zikatokea ubavuni, dereva wa mbio Ab Jenkins akaipeleka Bonneville, kwenye uwanda wa chumvi kule Utah, akavunja rekodi, saa 24 kwa wastani wa zaidi ya maili 100 kwa saa. Lakini jina lilishaharibika, mwaka huohuo 1937 wakafunga. Zote kwa pamoja, 810 na 812, hazifiki 3,000.

Nilirudi Auburn kwenye tamasha lao la wikiendi ya Labor Day, sikukuu ya wafanyakazi ya huku mwanzoni mwa Septemba, gari zinakuja zenyewe zinatembea mjini. Mzee mmoja mwenye 812 nilikuwa namuuliza maswali ya giaboksi mpaka akachoka akasema ingia. Tulizunguka mitaa kadhaa. Injini tulivu, gari imelala chini kwenye kona haiyumbi, dashibodi ya alumini ina mageji mengi kama ndege, na ile gia ukiingiza unasikia klak halafu kuna kakusubiri kidogo, unajiuliza imeingia au haijaingia. Akaniambia siri ni kutoiharakisha. Kwenye rejeta amefunga feni ya umeme, hataki utani na kuchemsha. Taa ya upande wangu akaniachia nizungushe mwenyewe, nikazungusha hata kama ilikuwa mchana.

Dai za bodi hazikutupwa, kampuni nyingine za magari, Hupmobile na Graham, walizitumia wakatoa gari za Skylark na Hollywood, sura ileile karibu, ila zinavutwa na tairi za nyuma na pua wameibadilisha, mi sijazielewa kabisa zile. Mmarekani hakuuza tena gari ya tairi za mbele mpaka Oldsmobile Toronado ya 1966. Na 1951 makumbusho ya sanaa ya MoMA kule New York waliweka magari nane kwenye maonyesho yao, Cord 812 ikiwa mojawapo.

Ningekuwa na hela 1936 ningeinunua? 810, hapana, ningechukua Ford na hela inayobaki nikafungua gereji ya kutengeneza Cord. 812 labda.

Kwa mnaokwenda, lori msiingize mjini, liacheni truck stop mchukue teksi, ni karibu na I-69. Tengeni nusu siku, na ghorofani msiruke. Mlango wa jirani kuna makumbusho nyingine ya magari na malori ya zamani, NATMUS, kwa sisi wa malori hiyo nayo muda wake uwepo.