TAHADHARI: Anayeuza "laiseni ya Linux" maofisini Mombasa ni tapeli

Wenye maofisi Moi Avenue, Shimanzi, Changamwe, na nyinyi wa Nyali mnaojiona mko mbali na shari: kuna jamaa anazunguka na begi jeusi la laptop na cheti chenye picha ya pengwini, anauza laiseni ya Linux, yaani kibali cha kutumia mfumo huo wa kuendeshea kompyuta. Mfungieni mlango. Mimi ameshanila, ofisi ameila, na lau si mpwa wangu angekuwa anatula mpaka leo. Jina siliandiki kwa sababu jambo liko kituoni na nimeambiwa nisiharibu kesi.

Nimesikia kuna watu wanacheka, eti mama mzima anauziwa kitu cha bure. Chekeni. Lakini sikilizeni kwanza alivyonijia.

Alikuja asubuhi, bosi yuko bandarini, simu zinalia, makontena ya mteja mmoja mwenye hasira yanangoja karatasi. Aliletwa na mtu wetu wa hesabu, si kwamba nilimwokota njiani. Akatoa salamu, akasimama mlangoni mpaka nikamkaribisha. Nikamwagizia soda, akakataa kwa adabu, akasema amefunga sunna. Ilikuwa Alhamisi kweli. Akaomba aione tu seva, ile kompyuta kuu ya ofisi, "kwa macho, dada yangu, sigusi kitu."

Kisha akagusa. Aliomba niingize pasiwadi mwenyewe, akageuza uso upande wa dirisha wakati naandika, na hilo ndilo lililonimaliza, maana fundi gani siku hizi anageuza uso? Akaandika mstari mmoja, `tail -f /var/log/secure`. Leo naujua, unaonyesha papo hapo kumbukumbu za wanaojaribu kuingia kwenye seva, lakini siku ile kwangu ilikuwa ramli. Skrini ikaanza kutiririka. *Failed password for root. Failed password for root. Failed password for admin.* Yaani mtu anajaribu pasiwadi ya root, mtumiaji mkuu wa mfumo, anakosea. Kila mstari na namba ya anwani ya nchi ya watu, na haikomi, unasoma mmoja wengine wameshaupanda juu. Hakusema kitu. Aliniacha nisome mpaka mkono ukaanza kunitetemeka juu ya meza, ndipo akasema polepole, "Dada, hawa wako mlangoni sasa hivi tunavyoongea. Mmoja akiingia, manifesti, orodha za mizigo za wateja wote, zimekwenda."

Nyinyi mngefanya nini?

Akaendelea kuniambia kwamba seva yetu inatumia CentOS 7, aina mojawapo ya Linux, na CentOS 7 ilikatiwa masasisho ya usalama tarehe 30 Juni 2024. Nikatoa simu nikatafuta mbele yake. Kweli tupu, tarehe ile ile. Akasema CentOS 8 nayo ilifungwa mapema zaidi, mwisho wa 2021, na kwamba waliobaki wamehamia Rocky Linux au AlmaLinux, ndugu zake. Nikatafuta tena, kweli tena. Mtu wa uongo mtupu ningemtoa nje na begi lake. Huyu alinilisha kweli, kijiko kwa kijiko, mpaka nikafungua mdomo mwenyewe kwa kile cha mwisho: kwamba Rocky Linux ina laiseni ya mwaka, shilingi 38,000 kwa seva moja, na kwamba yeye ni wakala wake Pwani.

Cheti kile ninacho hapa. Karatasi nzito inayong'aa, pengwini katikati, muhuri wa dhahabu wa kubandika, namba ndefu ya laiseni, na chini imeandikwa "seva moja, mwaka mmoja". Nilikitia kwenye fremu. Kilikaa ukutani juu ya kabati la faili na wageni wakikisoma.

Rocky Linux haiuzwi. AlmaLinux haiuzwi, Debian haiuzwi. Unapakua, unaweka, unatumia ofisini bila kumwomba mtu ruhusa. Red Hat wao wana usajili wa kulipia, sawa, na Ubuntu wana huduma ya ziada ya kulipia kwa anayeitaka. Fundi naye ana haki ya kulipwa jasho lake, sina ugomvi na hilo. Angeniambia "nilipe kazi ya kuhamisha" ningemlipa na nauli juu. Lakini aliniuzia karatasi.

Na kazi yenyewe hakuifanya! Alikaa pale kidogo tu, hata adhuhuri haijaadhiniwa, akazima na kuwasha, na skrini ya kuingilia ikaandika "Rocky Linux 9". Nikashukuru Mungu. Pesa nikatuma M-Pesa kwa namba yake, likatokea jina la mwanamke, akasema ni la mke wake. Risiti ya eTIMS, ile ya kodi, akasema ataileta. Wakati anaondoka akanipa onyo moja kwa sauti ya daktari: seva hii isizimwe wala isiwashwe upya na mtu mwingine, laiseni itajifuta.

Hapo ndipo mchezo wenyewe ulipoanza. Kila mwezi ukikaribia kwisha, wakati kazi imetukaba koo, seva inagoma. Hakuna kinachohifadhika, mfumo unatoa *No space left on device*. Diski imejaa. Tunafuta mafaili, tunafuta picha za sherehe ya ofisi, bado imejaa. Na kontena likipita siku zake za bure pale bandarini, gharama hazimsubiri mtu, mteja anapiga, bosi anapiga, kila mtu anapiga. Nampigia yeye. Anakuja haraka sana, hilo simnyimi. Anageuza skrini upande wake, anaandika kidogo, anasema "jaribu sasa". Inafanya kazi. Shilingi 12,000. Bosi akawa ananiambia nimpatie yule kijana mkataba kabisa, kazi yake safi.

Mpwa wangu alikuja kuniazima gari, wallahi hata si kwa ajili ya seva. Anasoma mambo haya na ana kompyuta zake za Linux pale nyumbani Kongowea. Akaona cheti ukutani akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akaona uso wangu akaacha kucheka. Siku hiyo seva ilikuwa imegoma tena, tapeli yuko njiani anakuja.

Akaandika `uname -r`, amri ya kuuliza kiini cha mfumo ni toleo gani. Ikatoa namba inayoanzia 3.10 na mkia wake una el7. Akasema, "Shangazi, hii ni CentOS 7 ile ile. Rocky 9 huanzia 5.14." Jamaa alibadilisha maandishi ya kukaribisha tu, faili moja la maneno, ndani hajagusa. Na kumbe kutoka 7 kwenda 9 si kazi ya kumaliza kabla ya adhana: watu wengi huweka mfumo mpya pembeni, wakahamisha data, wakajaribu kila kitu, ndipo wakazima wa zamani.

Kisha diski. `df -h`, inayopima nafasi ya diski, inasema imejaa asilimia 100. `du`, inayohesabu mafaili yenyewe, inasema hata nusu haijafika. Nikamuuliza sasa nyingine iko wapi. Akaandika `lsof +L1`, inayotafuta mafaili yaliyofutwa lakini bado yameshikiliwa, likatokea faili moja kubwa ajabu, pembeni yake *deleted*. Alinieleza na nimeelewa: kwenye Linux ukifuta faili, jina ndilo linaloondoka kwanza. Maadamu kuna programu bado imelishikilia, nafasi yake kwenye diski hairudi. Tapeli aliweka kijiprogramu kinachoamka mwisho wa mwezi kwa cron, ratiba ya kazi za kujiendesha, kinajaza faili la masifuri, kinalifuta jina, kisha kinakaa kimelikumbatia. Hulioni popote. Yeye akija anakiua tu, nafasi inarudi papo hapo. Ndiyo maana alitukataza kuizima! Tungeiwasha upya mara moja tu ingepona bure, na sisi tungeanza kujiuliza.

Kwenye `/etc/cron.d` kilikuwa na jina la heshima kabisa, ungedhani kimekuja na mfumo. Kulikuwa pia na mtumiaji wa pili mwenye namba 0, yaani mamlaka yote ya root, na ufunguo wa jamaa ndani ya `authorized_keys`, orodha ya funguo zinazoruhusiwa kuingia bila pasiwadi. Alikuwa anaingia kwetu kutoka kitandani kwake.

Na ile mistari iliyonitetemesha? Seva yoyote yenye mlango wa SSH, ule wa kuingilia kutoka mbali, wazi kwenye intaneti, namba 22, inagongwa hodi usiku na mchana na programu za kubahatisha pasiwadi. Ile ni ya waliokataliwa. Dawa yake ni kumzuia root asiingie kwa nje, kutumia funguo badala ya pasiwadi, na kuweka fail2ban, programu inayowafungia wanaokosea mara nyingi, na hayo yote hayagharimu hata ndururu.

Mtu huyu afungwe. Sitaki kusikia "msamehe, ni kijana". Alikuwa anaangalia karatasi za wateja wetu, thamani ya mizigo, PIN zao za kodi, kila kitu. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2018 ipo, kuingia tu kwenye kompyuta ya watu bila idhini ni faini hadi milioni 5 au kifungo hadi miaka 3, na yeye hakuishia kuingia. Bosi anataka tunyamaze kwa sababu ya wateja. Nimemwambia sheria ya kulinda data ya 2019 inatupa saa 72 za kutoa taarifa tangu tujue, na mimi nimeshajua. Amenuna. Na anune. Ningependa nimwone yule bwana kizimbani na cheti chake shingoni, na mtu wa hesabu akae mstari wa mbele atazame.

Mnaouliza dalili: pesa kwa namba ya mtu binafsi, jina si lake. Risiti haiji. Anageuza skrini. Anakataza kuzimwa. Shida inakuja kwa kalenda. Kama amepita kwenu, usiridhike na kubadilisha pasiwadi: tazama `/etc/passwd`, orodha ya watumiaji, uone nani mwingine ana namba 0, tazama cron zote, na ukiweza weka mfumo upya kutoka bakapu ya kabla yake, maana hujui ameacha nini. Mpwa wangu yetu ameiweka upya yote.

Mwenye cheti kama changu anitumie picha, tunakusanya za kupeleka kituoni, namba ya OB, ile ya ripoti ya polisi, nitawapa kwa faragha. Na akija kwenu leo au kesho msimfukuze. Mkalisheni, mwambieni seva imegoma, kisha nipigieni.