Jumamosi sita na wanamageuzi wa Marekani: tathmini ya kozi ya historia mjini Moshi

Kituo kimoja cha elimu ya watu wazima hapa Moshi, ambacho sitakitaja kwa jina kwa kuwa nina malalamiko nacho, kiliendesha kozi ya Jumamosi sita kuhusu harakati za mageuzi ya kijamii na kisiasa nchini Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Ada ilikuwa shilingi 45,000, pamoja na kitini, chai na maandazi ya saa nne. Tulikuwa watu 19, wengi wetu walimu wa sekondari na wastaafu, pamoja na mama mmoja anayeshona sare za shule karibu na soko kuu, ambaye nadhani ndiye aliyefaidi kuliko sisi sote.

Kipindi cha kwanza kilihusu Hull House, nyumba ya huduma kwa wahamiaji maskini iliyofunguliwa Chicago mwaka 1889 na Jane Addams na Ellen Gates Starr. Kilikuwa utangulizi wa kawaida, na aliyechelewa hakupoteza mengi.

Kipindi cha pili peke yake kilitosha kuhalalisha ada. Mwalimu alitumia saa mbili nzima kueleza moto wa kiwanda cha blauzi cha Triangle, uliotokea New York tarehe 25 Machi 1911 na kuua watu 146, wengi wao wasichana wa Kiyahudi na Kiitaliano waliohamia Marekani na familia zao. Alituchorea ubaoni ghorofa ya nane, ya tisa na ya kumi, akaonyesha mlango uliofungwa kwa ufunguo na ngazi za zimamoto ambazo hazikuweza kuwafikia waliokuwa juu. Hapo mama wa sare akauliza swali ambalo sisi walimu hatukulifikiria: "Mwalimu, ufunguo alikuwa nao nani?" Swali hilo ndilo lililokuwa kiini cha kesi yenyewe, kwa maana wenye kiwanda waliachiwa huru mwezi Desemba mwaka huohuo baada ya wazee wa baraza kutoridhika kwamba walijua mlango ulikuwa umefungwa saa ile. Mwaka 1914 walikubali kulipa dola 75 kwa kila marehemu katika kesi za madai. Hata hivyo, jimbo la New York liliunda tume ya kuchunguza viwanda, na kutokana nayo zikatungwa sheria nyingi za usalama kazini. Frances Perkins, aliyeushuhudia moto huo kwa macho yake, aliifanyia kazi tume hiyo na mwaka 1933 akawa Waziri wa Kazi, mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la Marekani.

Kipindi cha tatu, kilichohusu uchaguzi, kilikuwa kikavu kiasi mpaka tulipofika kwenye Marekebisho ya 17 ya Katiba, ya mwaka 1913, yaliyowapa wananchi haki ya kuchagua maseneta moja kwa moja. Kabla ya hapo maseneta walichaguliwa na mabunge ya majimbo, na mzee mmoja mstaafu wa ushirika wa kahawa alieleza, kwa mifano ya chama chake cha msingi, jinsi ilivyo rahisi kuwashawishi wajumbe 30 kuliko wanachama 3,000. Mwalimu alikuwa na busara ya kumwacha azungumze.

Malalamiko yangu ya kwanza yanahusu kipindi cha nne. Tuliahidiwa picha alizopiga Lewis Hine za watoto wakifanya kazi viwandani na migodini, lakini umeme ulikatika, kituo hakina jenereta, na kitini hakina hata picha moja. Kuelezwa picha kwa mdomo ni sawa na kusimuliwa chakula. Tulichokipata ni historia ya sheria: ile ya mwaka 1916 ya kuzuia ajira ya watoto ilibatilishwa na Mahakama ya Juu mwaka 1918, na nchi ikasubiri hadi 1938 ndipo ikapata sheria ya kitaifa iliyodumu.

Kipindi cha tano, kuhusu marufuku ya pombe iliyoanza Januari 1920 na kufutwa mwaka 1933, kilizua mjadala mkali, kama inavyotarajiwa katika mji ambao posa haiendi bila mbege. Jambo jipya kwangu lilikuwa la fedha: serikali ya Marekani ilitegemea sana ushuru wa pombe, na ni kodi ya mapato, iliyoruhusiwa na Marekebisho ya 16 mwaka 1913, iliyowawezesha wapinga pombe kudai kwamba hazina ingeweza kuishi bila ushuru huo.

Kipindi cha mwisho ndicho kilichoniudhi. Haki ya wanawake kupiga kura ilipewa muda wa kutosha, lakini Wamarekani weusi walitengewa robo saa ya mwisho, wakati vikombe vinakusanywa. Mwalimu alitaja kwa haraka kuanzishwa kwa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, mwaka 1909 na akaishia hapo. Hakusema kwamba mwaka 1913, serikali ya Rais Woodrow Wilson, anayehesabiwa miongoni mwa wanamageuzi, ilianza kuwatenga wafanyakazi weusi katika ofisi zake, wala kwamba mwaka huohuo Ida B. Wells, mwandishi wa habari mweusi na mtetezi wa haki, aliambiwa aandamane nyuma katika maandamano ya wanawake mjini Washington, akakataa na kujiunga na wenzake wa Illinois katikati ya msafara. Baya zaidi, kitini kinaandika kwamba mwaka 1920 "wanawake wote wa Marekani" walipata kura. Majimbo ya kusini yaliendelea kuwazuia wanawake weusi, pamoja na waume zao, kwa kodi ya kura na mitihani ya kusoma, hadi Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya mwaka 1965.

Nilimweleza mwalimu jambo hilo tukiwa mlangoni, naye alilipokea kwa heshima na kuahidi kuligawa somo la sita kuwa masomo mawili katika awamu ijayo. Kwa atakayejiandikisha, ninapendekeza kozi hii, ila aulize kwanza kama jenereta imenunuliwa. Neno "wote" katika nakala yangu nimekwisha kulikata kwa kalamu.