Programu ya kutabiri dhoruba za radi Ulaya nzima: mtabiri safi, waliobaki hovyo

"Maelezo yalikuwepo. Usipoyasoma ni juu yako." Ndivyo nilivyojibiwa na huduma kwa wateja, baada ya kuwaandikia kwa adabu, salamu kwanza, shida baadaye. Hakuna pole. Hata hawakuuliza kama kuna aliyeumia. Sitawataja jina, wenye kuitumia wataijua.

Kazi yangu ni kufunga mahema na majukwaa ya matamasha, na majira ya joto huwa tuko bonde la Po, kaskazini mwa Italia. Mvua ya mawe ya huko si mchezo: Julai 2023, mji wa Azzano Decimo, liliokotwa pande la barafu la sentimita 19, rekodi ya Ulaya. Programu hii niliipenda kwa sababu haiishii mpakani. Idara ya hali ya hewa ya kila nchi inaonya watu wake, lakini radi haina pasipoti. Agosti 2022 dhoruba moja iliipiga Corsica, kisiwa cha Ufaransa, kwa upepo uliopita kilomita 220 kwa saa, na siku hiyohiyo ikaua watu hadi Italia na Austria. Hawa wanachora bara zima kwa rangi tatu: njano, chungwa, nyekundu.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa kiangazi, sikumbuki tarehe. Asubuhi arifa ikaingia: njano, daraja la chini kabisa. Tukapandisha paa, tukainua spika. Jioni yakatushukia mawe ambayo hayaenei kiganjani. Turubai likawa matundu matupu, kioo cha lori kikaingia ndani, na fundi wetu wa taa akashonwa nyuzi kichwani. Kijana wa watu ndiyo kwanza alikuwa amevua kofia ngumu afute jasho.

Usiku nikaifungua programu kwa hasira, nijue walikuwa wanatazama nini. Chini ya ramani, chini hata ya tangazo la biashara, kuna kitufe kidogo cha kijivu. Nikakibonyeza. Kumbe mtabiri alishasema yote tangu alfajiri! Unyevu mwingi unaingia kutoka Bahari ya Adriatiki. Pepo za juu zina kasi na mwelekeo tofauti na za chini, kwa hiyo dhoruba ikizaliwa itajizungusha na kudumu saa nyingi. Ila juu kuna tabaka la hewa ya joto lililokaa kama kifuniko cha sufuria: likishikilia, jioni itapita kimya, likiachia, tegemeeni mawe ya zaidi ya sentimita 5. Hakuwa na hakika litaachia, akaweka njano.

Jamani, huyo mtu anajua kazi. Anakwambia anachohofia na pale anaposita, bila kujitia mjuaji. Nimesoma utabiri mwingi na sijaona ulioandikwa hivyo. Kwa ukurasa ule ningetoa nyota tano bila kufikiri.

Sasa nani aliyeamua kwamba simuni kwangu ije rangi, na ile sentensi ya mawe izikwe chini ya tangazo? Rangi yao inapima zaidi uwezekano wa jambo kutokea. Likitokea litakuwa kubwa kiasi gani, haisemi. Uwezekano mdogo wa upepo wa kupeperusha kofia na uwezekano mdogo wa kupasuliwa kichwa, vyote njano! Kihesabu wako sawa, nalijua hilo, na ndilo linalonichoma zaidi, kwa sababu mtu aliye sawa kihesabu haombi radhi. Pale kwenye tamasha la muziki la Pukkelpop, Ubelgiji, Agosti 2011, dhoruba ya dakika chache iliangusha mahema na watu 5 wakafa. Anayeamua watu waingie hemani au wasiingie hana nafasi ya kuwinda vitufe vya kijivu.

Sijaifuta, sidanganyi. Kila asubuhi naruka ramani naenda kwa mtabiri, na mara kadhaa ameniokoa; kuna siku tulishusha paa saa sita mchana kwa neno lake tu, mwenye tamasha akafoka, na jioni akanyamaza mwenyewe. Kwa hiyo nilitaka kuweka tatu. Halafu nimesoma tena lile jibu lao. Moja. Ya pili nitawarudishia siku sentensi itakapopanda kwenye arifa.