Boksi la kuanzia la Dungeons & Dragons: miezi minne mezani Ilazo, Dodoma

Tathmini ya kwanza aliitoa mama mwenye nyumba wangu, kabla yangu. Jumamosi moja alipita barazani akatukuta watu wazima watano tumeizunguka meza, dadu zinagonga sinia, mmoja kachomoa kikaratasi kwenye bakuli anapiga kelele, "Ishirini!" Mama akasimama.

"Mwanangu, kwangu hapachezwi kamari."

Nikamwamkia, nikamwonyesha kwamba mezani hamna hata shilingi mia, ni karanga na zabibu tu. Hakuridhika. Akavuta kigoda, akakaa ahakikishe mwenyewe.

Tulichokuwa tunacheza ni Dungeons & Dragons, kwa kutumia boksi la kuanzia lililotoka 2014. Kwa asiyeujua, mchezo huu ni wa Marekani, wa Gary Gygax na Dave Arneson, na uko sokoni tangu 1974. Usitegemee kitu kama drafti au bao, maana hakuna anayemfunga mwenzake. Mtu mmoja, sisi tunamwita msimulizi, anawaeleza mlipo na kinachowakuta. Wengine kila mtu ana mhusika wake, anasema anafanya nini. Likitokea jambo ambalo huenda likafaulu au lisifaulu, unarusha dadu ya pande 20, unajumlisha uwezo wa mhusika wako, mnaangalia kama umefikia namba iliyowekwa. Jambo la ugumu wa kati ni 15. Kumi na tano hiyo, ukiwa na nyongeza ya 5, unahitaji upate 10 au zaidi, yaani nafasi 11 kati ya 20. Ukilielewa hilo umeelewa nusu ya mchezo.

Ndani ya boksi kuna kitabu cha kanuni chenye kurasa 32, kisa kizima cha kurasa 64, wahusika watano ambao tayari wameandaliwa kwenye karatasi zao, na dadu sita: ya pande 4, 6, 8, 10, 12 na 20. Bei yake lilipotoka ilikuwa dola 19.99. La kwangu alilinunua shemeji akiwa safarini nje, likaja hadi Dar, na kutoka Dar likapandishwa Dodoma na watu wa mizigo. Lilifika limebonyea kama lilikaliwa njia nzima. Limepasuka pembeni, na dadu moja haimo. Ipi? Ya 20, hiyo hiyo inayotumika kila dakika. Nilipiga simu mara tatu. "Tunalifuatilia, dada." Naamini bado wanalifuatilia.

Ndipo tukaingia kwenye vikaratasi. Tulikata 20, tukaviandika namba, tukavikunja kama vile vya kugombea zamu kwenye upatu. Tulivimwaga mezani, na upepo wa Dodoma mnaujua. Tukaviokota mpaka getini kwa jirani, tangu siku hiyo vinakaa kwenye bakuli. Mwenzetu anayefundisha hesabu akatusisitizia kwamba kila kikaratasi kikishasomwa lazima kirudi, la sivyo nafasi zinabadilika. Aliieleza vizuri sana. Na ni yeye huyo huyo tuliyemkamata wiki ya pili ana ishirini kwenye kiganja.

Shida kubwa ya boksi hili kwa meza kama yetu ni lugha. Si kwamba hatujui Kiingereza, ofisini tunakiandika kutwa nzima. Ila ukikisoma kisa kwa Kiingereza watu wanakaa kama wako kwenye semina. Basi nikaanza kusimulia kwa Kiswahili, na hapo maneno yakaleta ugomvi wake. Mmoja wa wale wahusika watano ni mtu wa kufanya mambo kwa nguvu zisizoonekana. Ukimwita mchawi, dada mmoja wa kwaya anasema hapana, jina hilo halitamki akiwa amekaa meza moja na watu anaowaheshimu. Mganga nalo lina mizigo yake. Tulikubaliana "mjuzi", na mambo yakaenda. Yale maadui madogo ya mwanzo nikayaita vibwengo, mwenzetu wa Tanga akanikatiza: kibwengo ni wa baharini, Dodoma amefikaje? Sikuwa na jibu. Akabaki kibwengo aliyepotea njia.

Kisa kinaanza na wasafiri wanaosindikiza gari la mizigo kwenda mji mdogo, njiani wanakuta farasi wawili wamekufa. Mji wenyewe na majina yake havikutusisimua. Jumamosi ya tatu nikafunga ramani ya boksi, gari la mizigo nikaligeuza msafara wa wapagazi unaotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, farasi wakawa punda, na mahali pakawa Marenga Mkali, ile nyika isiyo na maji unayoivuka ukitoka Mpwapwa kabla hujaingia Ugogo. Hapo watu waliacha kushika simu.

Maana ukitoka Marenga Mkali una kiu, na maji yako kwa mtemi, na misafara ya enzi zile ilipita Ugogo kwa kulipa hongo: nguo, shanga, waya. Nilipotamka "hongo", mwenzetu mmoja mtumishi wa serikali alinyoosha mikono juu. "Mimi hilo siliandiki popote." Ikabidi nieleze kwamba zamani lilikuwa na maana ya ushuru wa kupita. Halafu wakabishana na mtemi saa nzima na zaidi. Wakatoa mafungu mawili ya nguo, mtemi akataka sita, wakasema wapagazi wanaumwa, mtemi akauliza mgonjwa gani anabeba mzigo mkubwa hivyo. Namba niliyoweka ilikuwa 15. Yule wa hesabu akachomoa 14, tukamkagua viganja, akajumlisha 2 yake, wakapita kwa mafungu manne. Katika kurasa 64 zile hakuna jioni iliyonifurahisha kuliko hiyo, ingawa haimo kwenye kurasa 64 zile.

Lawama zangu tatu ndogo. Boksi hili halikufundishi kutengeneza mhusika wako mwenyewe, unabaki na wale watano. Na dadu sita kwa watu watano ni kupokezana tu, hata kama zimefika zote. Vilevile pambano la kwanza ni kali kwa mgeni. Msimulizi punguza maadui wawili, hakuna atakayekushitaki.

Kama pesa hakuna, usisubiri boksi. Kanuni za msingi zinapakuliwa bure intaneti, na tangu 2023 sehemu kubwa ya kanuni hizo ilitolewa kwa leseni ya Creative Commons, inayoruhusu kila mtu kuzitumia, unaweza hata kuzitafsiri. Vikaratasi unavyo.

Turudi kwa mama. Siku ile ile aliyokuja kukagua kamari, mpiganaji wetu alianguka, uhai umefika sifuri. Kanuni inasema kila zamu unachomoa: 10 kwenda juu umefaulu, chini yake umekosa, ukifaulu mara tatu umenusurika, ukikosa mara tatu umekufa. Alikuwa amefaulu mbili, amekosa mbili. Mwenye mhusika akaogopa kuchomoa, akamsogezea mama bakuli. Mama akafuta mkono kwenye kanga, akachomoa, akakiweka mbali na macho asome vizuri.

"Kumi na moja. Ni nzuri hiyo?"

Dadu mpya ya 20 nimeshapata, shemeji alinitumia nyingine. Iko kwenye droo. Mama anataka vikaratasi.