Kozi ya kuandika intro za makala kwa WhatsApp, nyota 4 kati ya 5

Wadau mlioniuliza inboksi kuhusu ile kozi ya intro, yaani aya za mwanzo, za makala na hadithi, jina silitaji maana kuna pahala nitailalamikia. Ada elfu thelathini, darasa lote lipo WhatsApp, mwalimu ni mhariri wa gazeti aliyestaafu na ni mkali balaa.

Thamani ya hela yangu niliiona kwenye wiki ya kuhaririana, yaani unatuma aya zako za mwanzo kwenye grupu anazifyeka mbele ya watu wote. Mwenzetu mmoja alileta makala ya soko la samaki Feri, kaanza na "Sekta ya uvuvi ina mchango mkubwa katika uchumi wa taifa letu", ikafutwa, aya ya pili ilikuwa na wahenga walisema nayo ikafutwa, mwalimu akashuka mpaka aya ya nne ambako kuna mama anabishana na dalali alfajiri huku ndoo yake ya vibua kaibana kwa miguu isichukuliwe. Anzia hapa, akasema. Na kweli aisee, unataka kujua ndoo ile imeishia wapi.

Akatupatia pia makala ya 1963 ya Jimmy Breslin, mwandishi wa magazeti wa Marekani, kuhusu mazishi ya Rais Kennedy, wenzake wamekimbilia wakubwa yeye kamfuata mchimba kaburi wa makaburi ya Arlington, Clifton Pollard, aliyekuwa analipwa dola 3.01 kwa saa. Anaanza na Pollard Jumapili asubuhi nyumbani, kahisi ataitwa kazini, kavaa ovaroli kabla hata ya kunywa chai, na Kennedy kwenye sentensi ya kwanza hayupo kabisa. Hayo ya nani, nini, lini, wapi yawahi kwenye habari, makala inaweza kusubiri kidogo.

Sasa lawama. Upande wa hadithi kapita juu juu mno, kasema tu paukwa inafanya kazi kwa sababu kuna mtu wa kuitikia pakawa na kwenye karatasi hakuna anayekuitikia, pointi kali sana halafu kaiacha hapo hapo! Na zile voisi ndefu usiku wa manane, bando linakatika, ukitaka kurudia kitu huwezi kukitafuta maana hakuna maandishi.

Mwandishi wa makala lipia tu. Wa hadithi subiri, nimeuliza wanasema awamu yenu inaandaliwa, tarehe hawajataja.